Nakala 45 tu duniani

Sikulia. Naanza na hapo kwa sababu ule ujumbe wa sauti wa Daktari, mwenzangu wa kundi la santuri, kuhusu aibu iliyonipata nikiwachezea sahani sebuleni kwangu, umeshafika hadi kwa shemeji yangu Doha, na ndani yake Daktari anasema nililia. Nilifumba macho tu. Mtu akifumba macho kwa nguvu chozi hutoka lenyewe, hayo ni maumbile. Mengine yote aliyoyasema ni kweli, ila ameyasema ovyo, kwa pupa, huku anacheka mpaka nusu ya maneno hayasikiki. Kama ni kuaibishwa, bora nijiaibishe mwenyewe kwa utaratibu.

Ilikuwa Jumapili. Leo ni Jumatano, na bado nikipita sebuleni ile pleya nairushia shuka.

Kwa mlioingia juzi: mimi ni mgonjwa wa jazi ya santuri. Tuko sita katika kundi la WhatsApp, na kazi yetu ni moja tu. Mtu akiweka sahani jioni, anapiga picha, anaituma, anaandika "sasa hivi niko na hii", halafu sisi wengine tunamsifu kama aliyejifungua. Sheria ni kwamba lazima sindano ionekane imekaa juu ya sahani. Iliwekwa baada ya mwenzetu mmoja kufumaniwa akituma picha za makava huku anasikiliza YouTube. (Tulimsamehe. Sasa ndiye mweka hazina.)

Mwenyekiti hutuma Blue Train, albamu ya mpiga saksafoni John Coltrane. Mwezi uliopita alituma hiyo, mwezi huu hiyo, na kila mara anatukumbusha kwamba ilirekodiwa Septemba 1957 na fundi wa sauti Rudy Van Gelder, katika sebule ya wazazi wake huko Hackensack, New Jersey. Daktari, ambaye si daktari, ila hushika santuri kwa glavu na kuzipangusa kwa pamba kama anayetaka kuzidunga sindano, ni mtu wa Ethiopia, wa Mulatu Astatke na ile vibrafoni yake, marimba ya vyuma. Kasisi naye si kasisi, ila anavyoitoa sahani ndani ya kava utadhani anagawa komunyo. Yeye na Abdullah Ibrahim wa Afrika Kusini hawaachani. Halafu kuna Fundi, huyu ni fundi kweli, wa redio na amplifaya, kibanda chake kiko Luthuli Avenue. Fundi hututumia benga. Tukimwambia hii si jazi anatuuliza, "Shirati Jazz waliitwaje? Victoria Jazz waliitwaje?" Tunanyamaza. Benga zake ziko kwenye vile visahani vidogo vya zamani, vyenye tundu kubwa katikati, vya mizunguko 45 kwa dakika.

Hapo ndipo kosa langu lilipozaliwa, shikeni hapo. Akilini mwangu kisahani kidogo ni 45, sahani kubwa ni 33. Kama bodaboda na magurudumu mawili. Sikuwahi kuwaza kuna siku nitaletewa bodaboda ya magurudumu manne.

Mimi shida yangu ilikuwa sina cha kuringia. Nilikuwa natuma Kind of Blue ya Miles Davis, pigo la mwaka 1959, na kila nikituma Mwenyekiti anajibu kwa kidole gumba kimoja. Siku moja Daktari akaandika, "Hata kinyozi wangu anayo." Nililala na neno hilo. Niliamka nalo.

Basi nikaanza kusaka. Kenyatta Market nimekwenda Jumamosi tatu mfululizo. Pale unatafuta santuri huku moshi wa nyama choma unakuingia puani na akina dada wa kusuka wanakuvuta mkono, "Kuja nikusuke, brathe," nami kichwa changu ni upara kama goti. Nilipata vitu vizuri, lakini vitu ambavyo wengine wanavyo. Mimi nilitaka kitu kisicho na mwenzake.

Mungu si Athumani. Jirani akaniambia kuna familia ya Kijapani inahama Kileleshwa, inarudi kwao, inauza vitu vya nyumba. Nikafika nikakuta kabati, mashine ya kufulia, baiskeli ya mtoto, na kwenye kona katoni ya santuri. Tatu za watoto, moja ya kufanyia mazoezi ya viungo (kava ina mama amenyoosha mguu mpaka nikaona haya), na moja ndani ya bahasha nyeupe, haina picha wala jina. Kubwa, nzito, nyeusi inang'aa, haina mkwaruzo hata mmoja. Ile karatasi ya katikati ilikuwa na rangi ya samli, imejaa Kijapani mwanzo hadi mwisho. Kitu pekee nilichoweza kusoma kilikuwa namba: 45. Na baada ya 45, michoro miwili ya Kijapani. Wa kwanza naukumbuka vizuri kwa sababu ni rahisi hata mimi ningeweza kuuchora: kisanduku ndani ya kisanduku.

Nikamwuliza mwenye nyumba, "Jazz?" Akatabasamu. "Jazu, jazu!" Halafu akaendelea kuniambia kitu kingine, kwa bidii, huku anazungusha kidole hewani, duara, haraka haraka. Nikaona ananielekeza kwamba santuri huzunguka. Nikamwambia kwa upole, "Najua, mzee wangu, ninayo pleya." Akazungusha tena, kwa kasi zaidi. Nikamzungushia na mimi. Tukacheka wote wawili, nikalipa shilingi mia tano, nikaondoka.

Yule mzee yuko Japani sasa. Nikimkumbuka namwona bado anazungusha kidole.

Nikafika nyumbani South B, nikaiweka, nikashusha sindano. Jamani. Ikatoka sauti ya mwanamume mtu mzima, nzito, imechoka, inajikokota kama gunia la mkaa ngazini. Nyuma yake besi moja moja, na piano kama inayoulizwa swali isilolipenda. Sijui Kijapani, lakini uchungu hauhitaji mkalimani. (Hii sentensi niliiandika kwenye kundi. Daktari ameitengenezea stika.)

Nikapiga picha, sindano chini, kama sheria inavyotaka. Nikaandika: "Sasa hivi niko na hii. Toleo la Japani. Nakala 45 tu duniani."

Mnaona nilivyofika hapo? 45, halafu kisanduku ndani ya kisanduku. Nikafasiri: nakala arobaini na tano, zilizowekwa kwenye sanduku maalumu. Nilijiona nimezaliwa na kipaji cha lugha.

Simu ikalia usiku kucha. Mwenyekiti, yule wa kidole gumba kimoja, akaandika aya nzima. Sasa uongo wangu sikilizeni ulivyokua, maana sikukaa nikaupanga, uliota wenyewe kama magugu. Siku ya kwanza niliandika kwamba anaimba kama mtu aliyefiwa. Siku ya pili nikaandika inaelekea amefiwa. Siku ya tatu Kasisi akauliza, "Alifiwa na nani, ndugu?" Nikajibu: mke. Siku ya nne mzee alikuwa mgane, mvuvi, aliyeingia studio mara moja tu maishani mwake na hakurudi tena. Haya yote niliyatoa wapi? Msiniulize. Nilikuwa kwenye matatu, foleni ya Mombasa Road haiendi, na watu wanasubiri jibu.

Wakataka kuja kumsikia. Wote.

Mama naye alikuwa ameingia Ijumaa kwa treni kutoka Mombasa kuwaona wajukuu. Jumapili asubuhi ananiona napanga viti, nafuta vumbi, nasogeza spika kwa rula. Akauliza ni wageni gani. Nikamwambia ni wa kuja kusikiliza santuri. Akanitazama kidogo. "Kwani makwao hawana redio?" Kisha akaenda zake jikoni kukanda unga wa mahamri, kwa kuwa kwa mama yangu mgeni ni mgeni, hata awe amekuja kutazama rangi ikikauka.

Walifika saa tisa unusu, isipokuwa Fundi. Fundi alikuwa amekwama na amplifaya ya mteja. Kumbukeni hilo pia. Laiti angewahi, hii leo ningekuwa nawasimulia habari nyingine.

Sasa hapa nitakwenda polepole. (Ndiyo. Polepole. Chekeni, mkimaliza tuendelee.)

Kila mtu alicheza sahani yake kwanza, ya kwangu tukaiweka mwisho kama bibi harusi. Ilipofika zamu yangu nilisimama. Wengine wote walizungumza wamekaa, mimi nilisimama, mkono mmoja nimeuweka kifuani. Nikawasimulia mvuvi. Nikawasimulia mashua. Mashua ilikuwa mpya, hata mimi nilikuwa naisikia kwa mara ya kwanza. Nikasema, "Waungwana, sahani hizi ziko arobaini na tano chini ya jua, moja iko South B. Naomba tufumbe macho."

Wakafumba. Watu wazima wanne, wenye vitambulisho.

Nikashusha sindano. Kwanza ule mchakacho mdogo, kama kitunguu kinachoanza kuingia kwenye mafuta. Kisha besi. Duum. Kimya. Ungeweza kwenda dukani kununua maziwa ukarudi ukaikuta ile ya pili. Duum. Mpiga dramu alikuwa anatumia brashi, na zile brashi zilisikika kama mtu anayefagia uwanja akiwa amelala. Kisha mzee akaanza kuimba, na nywele za mkono wangu zikasimama, nawaapieni, zilisimama kweli.

"Sikia anavyovuta pumzi," Mwenyekiti akanong'ona.

"Mmmh," akasema Daktari. Simu yake ilikuwa gotini inarekodi. Aliniambia ni kwa ajili ya kumbukumbu.

Kasisi akatoa leso mfukoni. Hakuipeleka puani, aliipeleka machoni. Mweka hazina akanyoosha mkono akamshika bega. Nikawatazama kupitia upenyo wa kope, nikaona: hii ndiyo siku yangu. Kinyozi wa Daktari na amletee hii.

Hapo mlango wa jikoni ukafunguka.

Mama akaingia na sinia. Birika la chai ya tangawizi, vikombe, na mahamri yamepangwa kama mnara. Akakuta wanaume watano kimya, macho yamefumbwa, mmoja analia, na kwenye spika kuna mtu anaguna. Akasimama palepale.

"Huyu bwana ana nini?" akauliza kwa sauti ya chini.

"Amefiwa, mama," nikamnong'oneza.

"Lo! Inna lillahi." Akaweka sinia chini taratibu bila hata kikombe kulia, akavuta mtandio kichwani, akakaa ukingoni mwa kochi. Akakunja mikono. Mama yangu, nawaambia, alikaa matanga. Akasikiliza pamoja nasi. Mimi nikaona sasa mambo yamekamilika, hata mama ameguswa.

Ikapita kama nusu dakika. Duum. Brashi. Mzee anavuta neno moja kutoka huku mpaka kule.

"Na mpiga ngoma?" mama akauliza.

"Ana nini, mama?"

"Naye kafiwa?"

Daktari akafumbua jicho moja.

"Mama, tafadhali..."

"Nauliza tu. Maana mwimbaji kafiwa, mpiga ngoma kafiwa, wa kinanda kafiwa. Msiba wa bendi nzima huo? Walipinduka na gari?"

Nikamwashiria kwa mkono, taratibu mama, watu wanasikiliza. Mama hakuuona mkono wangu. Alikuwa anaitazama sahani. Sahani, si pleya. Macho yake yanaizunguka, yanaizunguka, kama anayehesabu. Kisha akainuka. Vidole vilikuwa bado na unga, akavipangusa kwenye leso yake kiunoni, upande mmoja, upande wa pili. Magoti yakalia. Kutoka kwenye kochi hadi kwenye pleya ni hatua nne, na ningeweza kumzuia katika yoyote kati ya hizo nne. Ningeweza kusema stima imekatika. Ningeweza kuzirai. Nilisimama tu na mkono kifuani.

Pale kushoto kwa pleya kuna swichi, ndogo kama punje ya mahindi. Nimeishi nayo miaka minne na sijawahi kuisogeza, kwa kuwa sina kisahani kidogo hata kimoja. Mama akainama, akaisukuma kwa kidole kimoja. Tk.

Sauti ile ndiyo nitakayoisikia nikiwa nakata roho. Yule mgane wangu wa bahari alianza kupanda. Kwanza akawa kijana. Kisha akabaleghe kinyumenyume, akawa mvulana. Besi ikakimbia, zile brashi zikaamka zikaanza kuchezacheza, piano ikaruka kama mbuzi aliyefunguliwa kamba, na ndani ya sekunde mbili hivi alisimama pale sebuleni kwangu msichana, mdogo, mchangamfu, anaimba kwa furaha ya mtu aliyepandishwa mshahara. Katikati ya mstari akacheka. Ndani ya santuri, alicheka! Nikaona ananicheka mimi.

Hakuna aliyefungua mdomo. Kasisi alikuwa bado ameshika leso. Ilikuwa mbichi.

Mama akageuka, akanitazama kwa huruma ile ambayo hukuiona tangu ulipokojoa shuleni, akasema, na hii Daktari anayo safi kabisa kwenye simu, neno kwa neno:

"Mwanangu, hii ni sahani ya arobaini na tano. Wamzika mtu yu hai!"

Kisha akaanza kupiga makofi kufuata mdundo.

Nilijitetea, nisiwafiche. Kwanza nikasema ni stima. Nikasema mtaa wetu stima ni dhaifu, mashine zinazubaa. Na ndipo Fundi akaingia, jasho linamtoka, akasikia neno stima, na mtu wa Luthuli ukimtajia stima umemwalika. Akaniuliza mbele ya watu stima inayobadilisha sauti ya mwanamke kuwa ya mzee ni ya wapi. Akaeleza kwamba kuna mashine zinazoendeshwa na mapigo ya umeme wenyewe, ukichukua iliyotengenezewa mapigo 60 ya Marekani ukaichomeka kwenye 50 yetu ya Kenya, sahani ya 33 itateremka mpaka karibu 28, hiyo ni kweli. "Lakini hii yako injini yake ni ya adapta," akasema, akaushika ule waya mwembamba wa adapta akauinua juu kama panya aliyenaswa. "Hii haijui hata kama iko Kenya."

Akaendelea, hakuna aliyemwomba. Kwamba ukiiendesha 45 kwa 33 umeikata zaidi ya robo ya spidi, sauti inashuka nusu-noti tano na ushei, na wimbo wa dakika tano unafika karibu saba. Kwamba Wajapani na wengineo hutengeneza sahani kubwa za 45 makusudi, kwa wenye masikio, kwa sababu mfereji ukipita haraka chini ya sindano kila sauti inapata nafasi ya kutosha kuchorwa, ingawa muziki unaoingia kila upande unakuwa mchache. "Kwa wenye masikio," akarudia.

Nikatoa silaha ya mwisho. Nikawaambia, na hili ni kweli tupu, kwamba hata hao mabingwa wa New York walikosea. Machi 1959, siku waliporekodi upande wa kwanza wa Kind of Blue, mashine ya tepu ilikuwa inakwenda taratibu kuliko inavyopaswa, kwa hiyo tepu ilipochezwa kwenye mashine nzima muziki ukatoka umepanda kidogo, na dunia nzima ikausikiliza hivyo hadi 1992 ndipo ukarekebishwa. Miaka thelathini na mitatu! Maprofesa, wapiga saksafoni, makampuni, wote hawakuguna. Mimi nimekosea wiki mbili.

Kimya kidogo. Nikaona limewaingia.

"Ila wao," Mwenyekiti akasema polepole, "hawakumfanya Miles kuwa mjane."

Hapo ndipo walipoanguka. Mweka hazina alilala chini, namaanisha kwenye zulia. Fundi akatoa simu akaielekeza kwenye ile karatasi ya samli ili iitafsiri, na ile 45 na kisanduku changu ndani ya kisanduku ikatoka kwa Kiswahili safi: mizunguko 45. Kwa wiki mbili nilikuwa nimeituma picha ile kwenye kundi, kubwa, ina mwanga mzuri, spidi imeandikwa katikati kama namba ya jezi, na watu watano wamejibu "Mashallah, adimu sana." Nilipowakumbusha hilo wakadai kila mmoja alikuwa na shaka tangu mwanzo. Leso ya Kasisi ilikuwa na shaka? Nauliza tu.

Yaliyofuata nitayapitisha haraka maana mengi mmeyaona. Walikula mahamri yote. Mama akawasimulia jinsi alipokuwa msichana Mombasa nyumbani kwa mjomba wake, kazi yake kwenye shughuli ilikuwa kugeuza sahani za taarabu, maana wimbo ulikuwa unaanzia upande huu unamalizikia upande wa pili, na ukichelewa kuugeuza akina mama wanakutazama jicho la kukutoa roho. Kila sahani ya 45 aliijua kwa kuitazama inavyozunguka tu. Walimsikiliza saa nzima, midomo wazi, mimi nikiwa naosha vikombe. Walipoondoka walimpa mkono yeye. Saa mbili usiku sauti ilikuwa imefika kwenye kundi la wasanii wa Eastlands, saa tatu kazini kwangu, asubuhi askari wa getini akaniuliza, "Boss, pole na msiba." Kwenye kundi jina langu limebadilishwa kuwa Thelathini na Tatu. Mama naye ameombwa awe mlezi wa kundi, na amekubali, na hana hata pleya.

(Mnaonitumia ile stika ya mimi nimefumba macho: ninayo. Ninazo aina nne.)

Sahani yenyewe ni nzuri ajabu, niseme ukweli. Jana usiku, watoto wamelala, nimeifunua pleya nikaicheza kwa spidi yake, sauti chini. Msichana anaimba, anacheka palepale anapochekaga. Nikaisikiliza mara mbili. Halafu, na hili lisitoke hapa, nikairudisha swichi 33 nikamsikiliza mvuvi wangu kidogo.

Mama alirudi Mombasa jana hiyohiyo. Leo asubuhi nimempigia kujua kama alifika salama. Akaniambia kafika, joto ni kali, nazi zimepanda bei, akanyamaza kidogo, kisha akauliza, "Na yule mgane wako? Hajaoa tu?" Nikakata simu. Nikaona nimekosa adabu, mama ni mama, nikapiga tena kuomba radhi. Akapokea dada yangu. Akaniambia mama hawezi kuzungumza kwa sasa, na nyuma yake nikamsikia kwa nini hawezi, yeye na majirani wawili, na mmoja wao alikuwa anaigiza sauti nzito, ya polepole.